Kidole cha Soafa

Kwa watu wa kabila la Wasakalava, kisiwani kwao, mtoto hufundishwa kabla hajaota meno: kaburi la mfalme halinyooshewi kidole. Ukitaka kulionyesha, kikunje. Soafa aliwaeleza hayo wageni wake sita mlangoni pa msitu, akawafunga leso viunoni, wakavua viatu. Ilikuwa siku yake ya kwanza kuongoza. Shangazi yake Kavavy, mlinzi wa makaburi, alikuwa amemwambia waziwazi, "Mwiko ukivunjika leo, kazi hii basi. Utarudi sokoni kukaanga ndizi."

Wageni hawakuvunja mwiko wowote. Walipofika kwenye ua wa miti unaozunguka makaburi, juu ya gogo moja lililooza, Soafa akamwona kinyonga ambaye angeweza kukaa juu ya ukucha wa dole gumba. Macho, vidole, mkia, vyote anavyo. Miaka yote alikuwa akisikia habari zake tu. Mwili ukamsisimka. "Yule pale!" akasema, na kidole chake kikaenda kimenyooka moja kwa moja, na nyuma ya kinyonga ni kaburi.

Wageni walimtazama kinyonga. Hakuna aliyekiona kidole. Angeweza kunyamaza.

Wageni walipoondoka, alimwendea shangazi yake akapiga magoti. "Shangazi, nimenyoosha kidole. Si wageni, ni mimi."

"Wewe? Uliyewafundisha wenzio?" Kavavy akasonya. "Fundi wa kuogelea kazama! Uliona nini, dhahabu?"

"Yule kinyonga mdogo."

Kavavy akaweka ufagio wake chini. Miaka thelathini na mmoja amefagia pale, hajamwona hata siku moja.

"Chukua pombe tukaombe radhi," akasema. "Kisha unionyeshe."

Walimimina pombe ya miwa chini, wakaomba. Soafa akaonyesha, safari hii kidole kimekunjwa. Kinyonga hakuwa amesogea. Kavavy akashika kinywa, machozi yakamlengalenga.

"Wee! Hata kucha anazo!"

Na mkono wake ukapanda, kidole kikianza kunyooka.

Soafa akaudaka, akakikunja kile kidole ndani ya kiganja chake. Wakabaki wameshikana hivyo, kinyonga akivuka ufa wa gogo taratibu, kama mtu avukaye mto.

"Kesho uje mapema," Kavavy akasema kwa sauti ndogo. "Mimi peke yangu siaminiki hapa."