Mbili na Nusu ya Nani?

"Mmechelewa," alisema Lukresia, katibu muhtasi wa shirika, kabla wageni hawajakaa. "Usaili umekwisha tangu asubuhi. Wenzenu wanne wamefanya, wamekwenda zao."

Mwalimu Adventina alitabasamu, tabasamu la mtu anayeona mwenzake amekosea na kumpa nafasi ajirekebishe mwenyewe. Akatoa barua mkobani, akaikunjua mezani.

"Soma hapa, dada. Alhamisi, 2:30. Barua yote ni ya Kiingereza. Sasa hivi ni saa nane na dakika kumi mchana. Tumewahi."

Lukresia akaitazama barua, akamtazama yeye. "Ndiyo, madamu. Mbili na nusu. Asubuhi."

"Mbili na nusu asubuhi kwa Kiingereza inaandikwa 8:30."

"Sisi tunaandikaga hivi siku zote, na watu wanakujaga."

Tabasamu likamkauka Adventina mdomoni. Pembeni yake Shija alikuwa bado amesimama, bahasha ya vyeti kifuani, viatu vya shangazi yake vikimbana vidole. Walitoka Kibara asubuhi, wakabadili gari Bunda, na njia nzima binti alikuwa akijisemea majibu kwa sauti ya chini: naitwa nani, natoka wapi, kwa nini nataka kuwa muuguzi. Shirika lilikuwa na nafasi mbili za kusomesha vijana uuguzi. Baba yake, mzee Pastory, alikuwa mvuvi wa dagaa, na mwaka ule ziwa halikumpa kitu. Nafasi hii ikipotea, Shija anarudi kuanika dagaa juani, na vyeti vyake vinarudi chini ya godoro.

Na aliyemleta saa hii ni Adventina mwenyewe. Hilo ndilo lililomchoma.

Mzee Pastory alikuwa amemwambia, "Mwalimu, mimi ningempeleka mwanangu alfajiri. Akae tu pale. Mgeni anayewahi hakosi kiti." Adventina akakataa. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, akaja kujitolea kufundisha Kiingereza Kibara, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la saa na tarehe. Alichora saa kubwa ubaoni akawafundisha watoto kuruka upande wa pili wa duara: mshale mfupi ukiwa kwenye mbili, wewe unasema saa nane. Andika mwezi kwa jina lake, asije mtu akausoma kuwa siku. Weka a.m. au p.m., usimwachie msomaji kazi ya kubahatisha. "Madamu," Shija alimuuliza siku ile, "kwani Waingereza wanahesabu saa kuanzia saa ngapi?" Darasa zima likaangua kicheko, na Adventina naye akacheka. Lakini Shija alikuwa wa kwanza kulielewa somo, na hakulisahau.

Barua ilipofika, mwanafunzi na mwalimu wake waliisoma pamoja, wakasema kwa sauti moja: saa nane na nusu mchana. "Iamini lugha," Adventina alimwambia mzee Pastory, kwa fahari kidogo. "Kilichoandikwa kimeandikwa."

Mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka mratibu, Bwana Chrispin, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni.

"Kuna nini hapa?"

Lukresia akaeleza. Chrispin akatikisa kichwa kama mganga anayemwona mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani.

"Wenzake wanne wameelewa. Mmoja ametoka Mwitongo kule Butiama, kafika saa moja. Yeye peke yake ndiye hakuelewa. Sasa mwalimu, kama binti anashindwa kusoma muda kwenye barua ya Kiingereza, atasomaje uuguzi kwa Kiingereza?"

Damu ikampanda Adventina mpaka masikioni.

"Ameusoma muda, bwana mratibu. Ni yeye peke yake aliyeusoma! Wale wengine wameisoma barua ya Kiingereza kama ya Kiswahili, wakapatia, kwa sababu na ninyi mliiandika kama ya Kiswahili. Mngeandika Kiswahili tangu mwanzo, nani angekosea? Mmeona aibu kuwaandikia watu wa Mara lugha wanayoijua, mkachukua msichoweza kukiandika, halafu mnamuadhibu aliyejifunza?"

"Dada, punguza sauti. Hii ni ofisi."

"Ofisi ya nani? Si mnasema ni ya vijana?"

"Lukresia, wape maji ya kunywa, halafu wasindikize."

Mle ndani kompyuta ikaanza kuita.

Chrispin akageuka. Iliita tena. Adventina akatupa jicho kwenye saa ya ukutani, na moyo ukamruka: saa nane na nusu, kamili.

"Ni yule mama mfadhili aliyetakiwa awahoji vijana kwa video," Lukresia akanong'ona. "Asubuhi tulimpigia sana, hakupokea. Bosi akasema tuendelee tu, atatumiwa ripoti." Kisha akajishika mdomo. "Naye alipata barua hii hii."

Mama mfadhili alitokea kwenye kioo, nywele nyeupe, kikombe mkononi, akasalimia kwa Kiingereza cha taratibu. Akasema amejitahidi kuwahi. Akauliza, vijana wako wapi?

Chrispin aligeuka mtu mwingine. Jasho lilimtoka, lakini mikono yake ilikuwa na akili ya haraka. Akatoka, akamshika Shija bega. "Ingia, mwanangu. Ingia, kaa pale. Huyu hapa, mama!" Halafu akamwinamia Adventina sikioni: "Si ulitaka afanyiwe usaili? Haya. Anafanya na mwenye hela mwenyewe. Wale wengine niachie mimi, nitaandika ripoti yao. Tumalizane."

Shija alikwisha kukaa, ameweka bahasha mapajani. Uso wake ulikuwa unang'aa.

Adventina alisimama mlangoni, na kwa muda alitamani kunyamaza. Nani angemlaumu? Ni haki ya Shija, aliipigania tangu mwanzo. Lakini alimfikiria yule wa Mwitongo, aliyefika saa moja, akahojiwa na mtu mmoja aliyekwisha kuchoka kupiga simu, na sasa yuko garini anarudi nyumbani akidhani amesikilizwa. Naye alidhulumiwa na barua ile ile. Tena yeye hajui.

"Samahani, mama," Adventina alisema kwa Kiingereza, akiingia ndani. "Vijana ni watano. Wanne walikuja asubuhi kwa sababu ya jinsi muda ulivyoandikwa. Hawajakuona. Naomba wote wakuone."

Chrispin akafumba macho. Mama mfadhili akaweka kikombe chini, akauliza maswali mawili matatu, kila moja likimpunguza Chrispin urefu. Mwisho akasema: basi kesho, saa kama hii, wote watano.

Kule nje, walipofika barabarani, Shija akasimama.

"Madamu, nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti."

"Najua, Shija."

"Nilikuwa nimeshakaa!" Machozi yakamtoka. "Ulinileta saa hii, nikakubali. Mungu akanifungulia, halafu ukafunga tena. Hao wengine ni ndugu zako?"

Adventina alimpa leso, akasimamisha gari. Walilala Kiabakari kwa Nyamburi, mama yake Adventina, aliyewapakulia ugali na sato, akamwona Shija hagusi chakula. "Huyu mtoto umemfanyia nini?" akamuuliza bintiye jikoni.

"Nimetenda haki, mama."

"Ndiyo maana hali," alisema Nyamburi. "Mpelekee maziwa."

Kesho yake walikuwapo wote. Yule wa Mwitongo alikuwa Rhobi, msichana mrefu mwenye kofia ya sufu, ambaye jana alifika nyumbani, akavua sare, ndipo simu ya Lukresia ikamkuta. "Jana mratibu aliniuliza jina na kijiji, basi," alimwambia Shija kwenye benchi. "Nikajua sijapata. Nilikuwa nimeshaanza kulia." Shija akamtazama. Akasogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa vizuri. Hakumwangalia mwalimu wake, lakini Adventina aliliona lile benchi, na pumzi ikamrudi.

Shija alikaa ndani kuliko wote. Alipotoka alisema, "Ameniuliza jambo lililonikasirisha mwaka huu. Nikamwambia ni saa." Na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka.

Wiki mbili baadaye barua ilifika Kibara. Nafasi mbili: Rhobi na Shija. Mzee Pastory alishangilia mpaka majirani wakaacha dagaa wao juani kwa kunguru. Adventina aliipokea barua, akasoma jina, akasoma chuo, akafika mstari wa mwisho: waripoti Jumatatu, 1:00.

Hakukuwa na asubuhi wala mchana. Chini yake, sahihi ya Chrispin.

"Basi," alisema mzee Pastory, aliyekuwa amesomewa, "safari hii nampeleka mwenyewe alfajiri."

"Baba, nitaripoti mara mbili," Shija alisema akijifuta machozi ya kucheka. "Saa moja nawasalimia, saa saba nawasalimia tena."

Wote walicheka isipokuwa Adventina. Alikwisha kutoa simu mfukoni.

"Lukresia, dada yangu, habari za kazi? Ndiyo, imefika, tunashukuru sana. Sasa mpe simu bosi wako. Hapana, sipigi baadaye. Mwambie ni yule mwalimu wa Kibara, na kwamba leo sipunguzi sauti."