Chupa Iliyoandikwa HAI

Saa nne asubuhi Mama Chupa alifungua kabati la joto la maabara, akakuta pengo. Chupa haikuwepo.

Ndani ya chupa ile mlikuwa na seli zenye matawi, walinzi wa mwili, zile chache zilizonusurika virusi vilipoua nyingine zote. Siku tatu zilizopita alizichanganya na seli T, askari wasioinuka mpaka mlinzi awaonyeshe kipande cha adui. Saa tano Daktari, mkuu wa utafiti, angetazama: kama askari hawakuamka, utafiti wa miaka mitatu unafungwa. Chupa ya akiba hakuna.

Alikimbilia chumba cha kuoshea vyombo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akipakia taka kwenye mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu.

"Shemeji! Chupa yangu iko wapi?"

"Ipi tena? Mimi nimechukua za kutupa tu."

"Imeandikwa HAI!"

"Si ndiyo hiyo? HAI, haifai. Juzi uliandika HAR, ukasema maana yake imeharibika. Mwenyewe unakata maneno kama vitunguu, leo unanifokea!"

Mama Chupa alivuta ndoo ya taka karibu. Kweli, ni mwandiko wake.

"Umeshapika?"

"Mkupuo wa kwanza, tayari. Wa pili ndio huu."

Alivaa glavu nene, akatoa chupa moja moja kutoka kwenye ndoo. Siyo. Siyo. Ya mwisho kabisa ndiyo yenyewe, baridi kama jiwe.

Aliporudi nayo maabara, Daktari alikuwa ameshasimama kando ya hadubini, akaigusa chupa. "Mama, kama umeziua kwa baridi, tusivilaumu virusi."

Mama Chupa aliiweka chupa chini ya hadubini, akatazama. Aliona maganda ya seli zilizokufa. Akasogeza. Maganda tena. Akasogeza mpaka ukingoni, na hapo akaiona: seli moja imetandaza matawi yake, nzima, na seli T zimeing'ang'ania kama nyuki kwenye mzinga. Zilikuwa zimenenepa, dalili ya kuamka. Moja ilikuwa inajigawa.

"Njoo uone," alimwita Daktari.

Daktari aliinama, akatazama. Shemeji alichungulia mlangoni, glavu bado mikononi.

"Imeokota vipande vya adui kutoka kwa wenzake waliokufa," Daktari alisema polepole, "ikawaonyesha askari. Yenyewe haikuambukizwa."

"Kwa hiyo?" Mama Chupa aliuliza.

"Kwa hiyo hatufungi. Irudishe kwenye joto, mama, upesi!"

Mama Chupa aliikumbatia chupa kwa mikono miwili, shemeji akamfungulia kabati.