Mguu Uliokwenda Mbele ya Kamati

Jepleting alikuwa akimenya viazi jikoni kwao Mau Narok, jioni, mguu wake wa kushoto ulipoingia kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa na udongo kwenye vidole. Mama yake, Chelimo, aliutazama, akausogezea kigoda.

"Jipanguse kwanza," akauambia. "Nimetoka kupiga deki saa hii."

Mguu huo ulikatwa na mashine ya kuvuna ngano Jepleting akiwa bado shuleni. Katika familia yao kiungo cha mtu hakiachwi hospitalini. Huletwa nyumbani kikazikwa. Lakini baba yake, kwa huruma isiyofikiria mbali, aliuzika kando ya njia ya vumbi wanayopita wanariadha kila asubuhi, ili usikie vishindo vya wenzake usijione mpweke. Ulivisikia, tena sana. Siku Jepleting alipopita hapo akikimbia kwa mguu bandia wa kaboni, mpya, uliopinda kama mundu, mguu ulijifukua ukatoka.

Ulikuwa na wivu na haukuuficha. Wivu wa mguu umezidi wa mke mwenza, maana mke mwenza akichoka hurudi kwao. Kila Jepleting alipovaa kaboni, mguu ulianza kuuma, na uchungu aliusikia yeye: vidole asivyokuwa navyo viliungua, kisigino asichokuwa nacho kilipigwa misumari. Kocha Kimeli alijaribu kuubembeleza kwa soksi mpya. Uliikubali soksi, na kuuma ukaendelea.

Daktari Sarla wa Nakuru alimwandikia dawa kali, nayo ikamtuliza. Tatizo ni kwamba dawa hiyo ni marufuku siku ya mashindano. Mchujo wa timu ya taifa ya wanariadha wenye ulemavu ulikuwa umekaribia. Akipimwa mkojo, dawa ipatikane naye hana kibali cha kamati ya dawa michezoni, angefungiwa miaka. Bila dawa asingemaliza mbio. Basi akaomba kibali.

Cheruto, mpinzani wake kutoka Molo, aliomba kibali cha dawa hiyo hiyo, akapewa upesi. Uchungu wake ulikuwa kwenye kigutu cha mguu, ambapo mshipa wa fahamu ulikuwa umefanya uvimbe unaoonekana vizuri kwenye picha. Jepleting hakuwahi kuionea wivu kasi ya Cheruto, wala mchumba wake mwenye gari. Aliuonea wivu uvimbe. Alikuwa akiutamani hata akiwa kanisani, na akijua ni vibaya.

Yeye alijibiwa kwamba hakuleta picha ya sehemu inayouma.

"Wanataka picha ya mguu?" mama yake akauliza. "Si basi uende nao."

Wakaenda Nakuru pamoja, mguu umevaa soksi na kiatu cha shule. Kamati ilikuwa ikikutana katika ukumbi wa hoteli. Mwenyekiti aliwakaribisha, akauagizia mguu kiti, kisha akautuma ukapigwe eksirei. Baada ya chakula cha mchana aliinua picha kuelekea dirishani.

"Mguu hauna shida," alisema. "Mfupa ni safi kabisa. Hata mimi ningependa wangu ukae hivi."

"Lakini unaniuma, boss."

"Madam, siwezi kukupea dawa ya mguu mzima. Na kama ni mguu unaumwa, basi u-apply wenyewe. Ni member wa chama chochote cha riadha?"

Mguu haukuwa mwanachama.

"Nyinyi mnaamini tu kitu mnaona," Jepleting akasema.

"Tumeuona," mwenyekiti akajibu kwa upole. "Ndio maana tumekataa."

Siku ya mchujo Jepleting alikimbia bila dawa. Mguu ulisimama karibu na uzio na kumuuma kwa bidii. Alikuwa mbele mpaka kona ya mwisho, kisha akaanza kuchechemea, kisha akatembea. Cheruto alimpita, akamaliza wa kwanza, akapewa jaketi la timu. Afisa wa kupima mkojo alisoma kibali chake na kumpongeza.

Jepleting alipanda jukwaa la watazamaji, akaketi kiti cha mbele, akavua kaboni na kuiweka chini. Mguu ukaja ukakaa mahali pake pa zamani, chini ya goti, ukatulia. Uchungu ukaisha papo hapo.

"Sasa umefurahi?" akauuliza.

Huko chini Cheruto alikuwa akipigwa picha na jaketi lake, akicheka, na Jepleting akahisi kitu kikimchoma kifuani, mahali ambapo eksirei isingeonyesha lolote. Alikaa akitazama. Mtu aliyepita na karanga zake alimwona msichana mwenye miguu miwili, mzima kabisa, na akamwomba asogee, viti vya mbele vilitengewa wenye ulemavu.