Vikombe vya Jacklyne

Kila Alhamisi, kabla ya Kavutha kufika, Njambi aliazima vikombe vya kaure kwa jirani yake Jacklyne. Nyumbani kwa Njambi, hapo mtaani Mountain View, vilikuwa vimebaki vya plastiki tu. Vingine vyote Debra, bintiye wa miaka kumi na miwili, alikuwa amevipasulia ukutani siku zile hasira zilipompanda. Akikosa cha kuvunja, aligongesha kichwa chake kwenye ukuta huohuo.

Kavutha alikuwa mshauri wa watoto, wa wale wanaokufuata nyumbani ili waone mambo yalivyo. Lakini Njambi alilelewa na mama ambaye mgeni hakuwahi kumkuta na sufuria chafu, seuze aibu. Basi alipiga deki, akapika chai ya maziwa, akamvisha Debra rinda la kanisani, na mtoto naye mbele ya mgeni akatulia tuli. Hayo mambo yalivyo yangeonekana wapi?

Leo aliapa kusema ukweli. Jana Debra alijipasua paji la uso, na jeraha lilikuwa chini ya kofia ya sufu. Baridi ya Julai ilikuwa kisingizio kizuri.

Kavutha aliinua kikombe, akatabasamu.

"Mama Debra, nimefurahi kweli. Unakumbuka nilisema mtoe kila kitu inaweza kuvunjika? Sasa naona vikombe zimerudi. Hiyo ni progress kubwa."

Njambi alikodolea kile kikombe macho.

"Kwa hivyo leo tunamaliza. Kuna familia huko mtaa wa Jamhuri inangoja nafasi, na hao wako na shida ya ukweli."

Sema, mjinga wewe, Njambi alijiambia. Mdomo ukafunguka.

"Asante sana, Madam. Nikuongezee chai?"

Alimsindikiza mpaka getini, na hata hapo alichopata kusema ni kwamba awasalimie wa nyumbani.

Aliporudi, Debra alikuwa amevua kofia.

"Mum, mbona hukumwambia? Nilikuwa nangoja umwambie."

Debra aliuendea ukuta. Mkono wa mama ukakimbilia kwanza vikombe vya Jacklyne, ukaviweka juu ya kabati, na Njambi akajichukia kwa hilo. Kisha akapiga magoti, akaweka kiganja kati ya ukuta na kichwa cha mwanawe, akayapokea mapigo yote. Alhamisi ijayo hakuna mtu ambaye angekuja.