Ugali Wenye Pembe Nne

Shemeji yangu Machogu hakuwa mtu wa kugawa kuku. Kwa hiyo mwaka ule wa sitini na nane, alipoingia bomani kwetu karibu na Nyamira na jogoo kwapani, nilimwangalia jogoo kwanza, kisha nikamwangalia yeye. Jogoo ndiye aliyekuwa na uso wa mkweli.

"Ndugu yangu," akamwambia mume wangu, Nyamongo, "wapimaji wa ardhi wanakuja wiki ijayo. Wakishaweka mipaka, hakuna kubadilishana tena. Wewe una shamba moja la kamba saba. Mimi nina mawili, la kamba tatu na la kamba nne. Tatu na nne ni saba. Nipe lako nikupe yangu, upate mawili ya kuwagawia watoto."

Kwetu mashamba kama hayo yalikuwa mraba, nasi tuliyataja kwa upande mmoja tu. Ukisema kamba saba, kila mtu anajua ni saba huku na saba kule. Mume wangu akafurahi. Yeye ungeweza kumuuzia kivuli chake mwenyewe na akakushukuru. Akamwambia Machogu aje Jumapili, wale, wamalize maneno.

Shamba lile ndilo lililotulisha. Likienda, tumekwisha. Lakini mtego uko wapi? Nikahesabu kwa vidole: tatu, nne, saba. Hata vidole vyenyewe nikaanza kuvishuku.

Binti yetu Kemuma alikuwa likizoni, kidato cha pili, amekaa jikoni ananung'unika.

"Mama, mwalimu amenikosesha. Nimeandika a jumlisha b, yote skwea, ni a skwea na b skwea. Anasema nimesahau ya katikati."

"Hesabu gani hiyo haina namba? Huyo mwalimu anaficha nini?"

Akacheka, akachora mraba mkubwa kwenye majivu. "Upande wake ni a na b. Pembe hii ni a mara a. Pembe ile ya mkabala, b mara b. Sasa ona, zimebaki nafasi mbili, kila moja a mara b. Ndizo ab mbili. Ukizikusanya zote nne, unarudi kwa mraba wako uleule."

"Hebu a iwe nne," nikasema polepole, "na b iwe tatu."

Akahesabu. Akaacha kucheka. Hizo nafasi mbili zilikuwa karibu nusu ya shamba letu.

Jumapili nilisonga ugali wa wimbi, mgumu hasa, nikaubonyeza kwenye sinia ukalala bapa, nikaukata kwa kisu.

"Mama Kemuma," Machogu akashtuka, "leo ugali una pembe?"

"Ndio mtindo wa mjini, shemeji. Karibu."

Mume wangu nilimwekea kipande cha vidole saba kila upande. Machogu nikampa viwili, kimoja cha vidole vitatu, kingine cha vinne, unene uleule. Akatazama sahani yake, akatazama ya ndugu yake.

"Mbona mimi nimepunjwa?"

"Umepunjwa vipi, shemeji? Tatu na nne si saba?"

Nikachukua vipande vyake, nikavilaza juu ya ugali wa mume wangu, kimoja pembe hii, kingine pembe ya mkabala. Pembeni zikabaki nafasi mbili tupu, zinafanana kama mapacha.

Mume wangu alizitazama mpaka mboga ikapoa.

"Na hizi mbili, Machogu," akauliza, "ulikuwa uniletee lini?"

Machogu akasema ameshiba. Hata tonge hakuwa ameonja.

Wapimaji walipofika walikuta shamba letu la kamba saba palepale. Machogu aliwaapia watu wa kanisa kwamba hakujua, eti hesabu ilimponyoka tu. Labda. Watu wengi hesabu huwaponyoka. Lakini ile ya ugali aliikamata kabla hata hajakausha mikono.

Jogoo hatukumrudisha.