Ngozi ya Kochi Ndani ya Usukani

Pikapu ile ilikuwa na dereva mmoja tu duniani, na dereva mwenyewe alilijua hilo. Mtaani walimwita Kapteni kwa sababu ya mikono yake. Hata kwenye barabara iliyonyooka kama kamba ya kuanikia nguo, alizungusha usukani kushoto, kulia, kushoto tena, bila kupumzika, kama mtu anayepambana na mawimbi. Usukani ulikuwa umelegea. Ungeweza kuuzungusha robo nzima ya duara na magurudumu yasijue kama kuna mtu ameyaita. Kapteni alikuwa ameuzoea ulegevu huo mpaka akauona ni tabia tu ya gari, kama vile watu wengine wanavyokoroma.

Mkewe alikuwa mshona makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilijaa sponji, misumari midogo, mabunda ya ngozi bandia na cherehani nzito isiyobebeka na mtu mmoja. Leseni ya udereva alikuwa nayo, na aliipata bila kurudia mtihani. Lakini siku aliyojaribu pikapu aliishia ndani ya ua wa michongoma wa jirani, majani kichwani, na Kapteni akachukua ufunguo taratibu.

"Gari hili halipendi wageni, mama watoto," alimwambia.

Tangu hapo, kochi likiisha Jumatatu lilikaa sebuleni likimsubiri Kapteni apate mapumziko yake ya Jumamosi. Wateja wengine walikuwa na subira hiyo. Wengine walienda kwa washonaji wengine.

Kwa hiyo mdogo wake Kapteni, fundi wa magari, alipokuja kuwatembelea, mshona makochi hakulaza damu. Alimpa chai, akamwacha anywe mpaka nusu kikombe.

"Shemeji, usukani ule unatibika?"

"Kila kitu kinatibika, shemeji, isipokuwa kichwa cha kaka yangu."

Kapteni alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu aende kazini. Alisikia, na hakukasirika. "Haya, tengenezeni," alisema. "Jioni nitalijaribu mwenyewe. Nikiridhika, mama watoto ataendesha siku yoyote atakayo. Nisiporidhika, mnalirudisha lilivyokuwa."

Alipoondoka, mshona makochi alilitazama kochi jipya la mkunga wa zahanati, limefunikwa shuka pale sebuleni. Kisha alivaa viatu vya kazi.

Shemeji alitandika gunia akaingia chini ya gari. Mshona makochi alikaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, na kazi yake ilikuwa moja tu.

"Zungusha kidogo. Rudi. Zungusha. Rudi. Ehe, hapa panacheza."

Kule chini shemeji alikuwa akishika kila kiungo kimoja baada ya kingine, kuanzia kwenye magurudumu kurudi nyuma, akisikiliza kwa vidole. Viungo viwili vya mbele vilikuwa vimelika. Alivitoa, akaweka vipya, akamwambia azungushe tena. Usukani bado ulicheza, ingawa si kama mwanzo.

"Kuna mwizi mwingine," alisema shemeji, akatoka chini na kufungua boneti.

Pale ambapo fimbo ya usukani huungana na sanduku lake la gia, panatakiwa pawe na kipande cha mpira mnene wa mviringo. Shemeji alifungua nati, badala ya mpira akavuta kitu cheusi kwa grisi, cha tabaka nyingi. Alikifuta kwa tambara. Chini ya grisi ilitokeza rangi ya zambarau.

"Shemeji, hebu njoo. Hiki kitu ni cha fani yangu au ya kwako?"

Mshona makochi alikijua kabla hajakigusa. Ilikuwa ngozi ya kochi la mwalimu mkuu. Alikumbuka jinsi ilivyompungukia kipande, jinsi alivyokwenda kumlaumu muuzaji kwamba amempunja kipimo, na jinsi Kapteni alivyofuatana naye na kumgombeza yule muuzaji kwa sauti kubwa kuliko yake.

Aliutazama ukingo. "Na amekatia mkasi wangu mzuri," alisema.

Walicheka mpaka shemeji akakaa chini kwenye gunia. Kisha mshona makochi alikivuta kile kipande huku na huku, kama anavyofanya na kila ngozi. "Unaona? Ukivuta hivi, haisogei. Ukivuta hivi, inanyumbuka, inakufuata. Yeye kaikata upande wa kufuata."

"Kwa hiyo miaka yote hii kaka anaendesha kochi."

"Tena la mwalimu mkuu."

Shemeji alikwenda kwa wauza vipuri vya mitumba akarudi na mpira wenyewe. Baada ya kuufunga alikaza skrubu ya lile sanduku la usukani kidogo, akajaribu, akakaza kidogo tena, maana ukizidisha usukani unakuwa mgumu na haurudi wenyewe. Mwisho alimwambia shemejiye azungushe upana wa kidole tu. Mshona makochi alichungulia dirishani. Gurudumu liligeuka.

"Limesikia," alisema polepole.

Jioni Kapteni aliingia garini bila hata kubadili shati la kazini. Jirani mwenye ua alisogea kutazama, na muuza mkaa akaacha gunia lake. Kapteni aliwasha, akaondoka, na mikono yake ikaanza kazi yake ya siku zote, kushoto, kulia, kushoto. Pikapu ilikwenda mrama kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Jirani alikimbia akasimama mbele ya ua wake, mikono ameitanua.

Kapteni alirudi jasho likimtiririka. "Mmelitia wazimu."

"Kaka, gari limepona."

"Limepona wapi? Linaruka kama mbuzi. Tulikubaliana. Lirudishe lilivyokuwa."

Shemeji alikuna kichwa. Kaka ni kaka. Aliinama kuokota spana, macho chini. Lakini mshona makochi hakuwa amelitazama gari muda wote ule. Alikuwa ameitazama mikono ya mumewe.

"Ngoja kidogo, shemeji," alisema. "Baba watoto, kaa upande ule nikuzungushe mara moja. Usiporidhika, nitamsaidia kulilegeza kwa mikono yangu."

Kapteni alikaa, akashika breki ya mkono kama anayeshika roho yake. Mshona makochi aliwasha gari. Kwenye cherehani, mtu mgeni husukuma na kuvuta kitambaa, mshono ukaenda upogo. Yeye alishazoea kuweka viganja tu na kuiacha mashine ivute. Aliweka viganja kwenye usukani vivyo hivyo. Pikapu ilinyoosha njia. Ilimpita jirani, naye akashusha mikono taratibu. Kwenye kona aligeuza, likageuka. Alilegeza vidole, usukani ukarudi wenyewe.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hebu tazama mikono yako."

Alitazama. Mikono ilikuwa imeshaiacha breki. Ilikuwa hewani mbele ya kifua chake, ikizungusha kushoto, kulia, kushoto. Aliitazama kana kwamba ni ya abiria mwingine. Kicheko kilianzia puani, kikashuka tumboni, mpaka akawa anafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Gari limepona. Mgonjwa kabaki wewe."

"Na mimi nitapona?"

"Kwa mazoezi. Tutaanzia uwanja wa mpira, mbali na nyua za watu." Alibadili gia. "Na ile ngozi tumeiona."

"Ngozi gani?"

"Ya mwalimu mkuu."

Kapteni aligeukia dirisha. "Yule muuzaji itabidi tumwombe radhi."

"Utamwomba wewe. Mimi nitakuendesha."

Waliporudi hawakuzima gari. Ndugu wawili walilibeba kochi la mkunga wakalipandisha nyuma, na kwa kuwa lilihitaji watu wa kulishikilia, wakaketi juu yake. Kapteni alikunja nne, akawapungia mkono muuza mkaa na jirani. Mbele, mshona makochi alisikia vicheko vyao vikimfuata barabara nzima.

Kochi liliposhushwa mbele ya zahanati, mkunga alitoka akalijaribu, akalala, akaketi, akalisifu. Alishazoea desturi ya nyumba ile, kwa hiyo aliuliza kwa upole, "Na vile viti viwili vilivyobaki, mtaniletea Jumamosi ya wiki ijayo?"

Kapteni alifungua mdomo kujibu, akaufunga, akamgeukia mkewe.

"Nikimaliza tu kuvishona," alisema mshona makochi. "Siku hiyohiyo."