Mshenga Aomba Choo

Mhina alitoka Mazingara hadi Masuguru kumposea mpwa wake, lakini tangu aketi alikuwa akiwaza choo. Ugonjwa wa utumbo anaoishi nao mwaka wa nne sasa, ule wa dawa za kila siku, ulikuwa umeamka. Wenyeji nao waliendelea kumsalimu: habari za nyumbani, za shamba, za mifugo. Mhina alikunja mguu, akaukunjua. Akiinuka katikati ya salamu, watasema amedharau nyumba, na posa itaharibika.

“Mbona hutulii, mshenga?” aliuliza Mama Ikram, mama wa binti.

“Mama, utumbo wangu una vidonda. Ugonjwa huu hauambukizi, ila hauponi moja kwa moja. Naomba choo kabla sijaomba mchumba.”

“Mpelekeni haraka!” bibi wa binti alipiga kelele. “Mkeka wangu mpya jamani!”

Aliporudi, hakuna aliyecheka.

“Ugonjwa huo ni wa ukoo?” Mama Ikram aliuliza taratibu.

Mhina alitamani kusema hapana. “Daktari alisema unaweza kufuata ukoo, japo si lazima. Kijana wetu hana.”

Mama Ikram alimtazama mumewe, kisha akasema, “Haya, sogea. Umekuja kumwomba nani?”